Uraia wa Fundi Lifti

Katika majengo aliyoyahudumia hakuna aliyemjua kwa jina. Wapangaji walimwita Fundi, walinzi walimwita Fundi Lifti, na wale bibi wa ghorofa za juu, ambao lifti ikilala nao hulala njaa, walimwita mwanangu. Kwa nchi ambayo haikuwa yake, hayo yalikuwa mapenzi makubwa. Aliingia akiwa kijana mwenye kiuno chembamba, mkewe pembeni, na kitoto cha kike mgongoni mwa mkewe. Sasa kiuno kimekwenda zake, kitoto kimempita mama yake kimo, na yeye kila mwaka bado alipanga foleni uhamiaji kuomba ruhusa ya kuendelea kuwepo pale alipokuwepo.

Lugha ya nchi ile aliijulia shimoni. Shimo ndivyo mafundi wanavyouita ule mnara mtupu ndani ya jengo ambamo lifti hupanda na kushuka: kuna giza, kuna grisi, kuna upepo usiojulikana unatokea wapi. Alianza na matusi, kama mgeni yeyote anayejifunza lugha kwa watu wenye kazi mkononi, kisha majina ya vifaa, na mambo ya adabu yakaja mwisho. Mwalimu wake alikuwa Bonge, mzaliwa wa nchi, mtu ambaye tumbo lake lilikuwa linafika kazini kabla yake. Kwa nini mtu wa mwili ule alichagua kazi ya kujipenyeza, hata mkewe hakuwahi kuelewa.

Bonge alikuwa na sheria moja asiyoifanyia mzaha. Mmoja akiwa juu ya lifti na mwingine chini kabisa shimoni, hakuna anayegusa kitu mpaka ayarudie maneno ya mwenzake, neno kwa neno, kwa sauti.

"Umeme umezimwa!" anapiga kelele wa juu.

"Umeme umezimwa!" anaitikia wa chini.

"Sio useme eeh," Bonge alimfundisha siku ya kwanza, akimwonyesha mkono wa kushoto wenye vidole vitatu. "Hii ilikuwa eeh. Jamaa alisema eeh na hakusikia kitu. Wewe rudia. Hata kama nimesema upuuzi, rudia upuuzi wangu kwanza, ndipo uniambie ni upuuzi."

Na ndivyo walivyofanya miaka yote. "Umeme umezimwa!" "Umeme umezimwa! Haujazimwa bwana, taa inawaka huku, unataka kuniua?" Kurudia kulimaanisha nimekusikia, basi. Kukubali au kukataa kulikuja baadaye. Tabia ikamwingia mifupani, akaibeba mpaka nyumbani.

"Chumvi imekwisha," mkewe anasema.

"Chumvi imekwisha."

"Haya, umeisema mara mbili. Sasa imerudi?"

Binti alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Binti huyo aliiongea lugha ya nchi kama maji, akimsahihisha baba yake matamshi mbele ya wageni. Lugha ya wazazi aliielewa, lakini aliijibu kwa ile nyingine. Alitaka kusomea ukunga, na chuo cha wakunga cha serikali kilichukua raia tu.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Sheria ya nchi ile ilisema mzazi akipata uraia, mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane anaufuata uraia wa mzazi bila maneno mengi. Akishatimiza umri huo, ni mtu mzima, na ni mgeni kama mgeni mwingine: aanze mwenyewe, mwanzo kabisa, ahesabiwe miaka yake ya kuishi nchini kuanzia siku hiyo, kana kwamba ameshuka kwenye basi jana.

Fundi angeweza kuomba zamani. Sifa alizitimiza binti akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Lakini nchi ile haikukubali uraia wa pili. Ukichukua wa kwao, wa kwenu unaurudisha. Na kule kwao alikuwepo mzee, baba yake, aliyekuwa akiuliza kila simu: "Unarudi lini?" Kumwambia mzee yule kwamba mwanawe amejiondoa kwenye hesabu ya watu wa nchi yake lilikuwa jambo ambalo Fundi alilipangia maneno mara nyingi, na kila mara akaishia kuuliza habari za mvua. Akasema atasubiri. Mzee alipougua, alikwenda kumuuguza, akakaa miezi minne, akamzika, akarudi. Kisha akajaza fomu. Binti alikuwa na miaka kumi na sita.

Maombi yalikaa yakakaa. Alipoitwa kwenye mahojiano, kulikuwa kumebaki miezi michache tu binti atimize umri. Mkewe alimpigia pasi shati jeupe, akampulizia manukato ya kwake mwenyewe kwa kuwa ya kiume yalikuwa yamekwisha, na binti akamwimbisha wimbo wa taifa kwenye ngazi zote mpaka barabarani.

"Baba, usitetemeshe sauti mwishoni. Unakuwa kama mbuzi."

"Kama mbuzi."

"Ndiyo, na usirudie-rudie."

Chumba cha mahojiano kilikuwa kidogo, dirisha halifunguki, na kiyoyozi kilikuwa kinatonesha maji kwenye ndoo. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, mpole, akijifuta pua na kuomba radhi. Pembeni aliketi karani anayechapa kila linalosemwa. Maswali ya historia Fundi aliyajibu vizuri. Wimbo aliimba, akaumaliza. Afisa akatabasamu, na Fundi akaanza kuhisi jasho la mgongoni linapoa.

Afisa akageukia kompyuta, akakunja uso.

"Mwaka ule uliosafiri," akasema. "Hapa naona umetoka, kurudi sikuoni mpaka ulipokuja kuongeza kibali mwaka uliofuata. Mwaka mzima nje ya nchi."

"Mwaka mzima nje ya nchi," alisema Fundi, kwa sauti ya shimoni, iliyo wazi, ili asikike. Karani akachapa. "Hapana, mama. Ilikuwa miezi minne. Nilirudi kwa njia ya barabara, na siku ile pale mpakani mashine zilikuwa zimelala. Walinipigia muhuri kwa mkono, ninao kwenye pasi ya zamani."

Karani akachapa hilo pia. Afisa akamwangalia, si kwa ubaya, kama mtu anavyoangalia maziwa yaliyoanza kuganda.

"Umesema mwaka mzima."

"Nimesema mwaka mzima," akaitikia Fundi, na papo hapo akasikia alichokisema. "Yaani, nimerudia, mama. Wewe ndiye uliyesema, mimi nikarudia."

"Kwa nini urudie jambo lisilo la kweli?"

Hapo lugha ilimtoroka. Maneno yote aliyoyachuma miaka yote ile yakamkimbia, yakabaki yale ya mwanzo, matusi na majina ya vifaa. Akasema ni mambo ya kazi. Afisa akasema anaelewa. Wote wawili walijua kwamba haelewi.

Pasi ya zamani aliipeleka siku iliyofuata, muhuri ukaonekana, wakautoa nakala, wakamshukuru kwa ushirikiano. Nyumbani wakajipa moyo. Barua ilipofika, binti ndiye aliyeisoma, maana lugha ya maofisini ilikuwa bado inampiga chenga baba yake. Iliandikwa kwa heshima tele. Ilikiri kwamba muda aliokaa nje ulikuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Hata hivyo, mwombaji alikiri jambo mbele ya afisa kisha akaigeuza kauli yake, jambo linalotia shaka uaminifu wake. Ombi limekataliwa. Anayo haki ya kukata rufaa.

"Kwa hiyo wanasema ulisema kweli," binti alisema polepole, "lakini wewe ni muongo."

"Rufaa inachukua muda gani?" mama mtu akauliza.

Binti alikuwa anaikunja barua vilevile ilivyokunjwa na serikali.

Asubuhi iliyofuata, Fundi akifunga buti, mkewe akalitoa lililomkaa rohoni. "Ulimngoja baba yako afe."

Fundi akafungua kinywa kwa ile tabia yake. Akakifunga.

"Mzee nilimpenda na mimi, Mungu amrehemu," akaendelea mkewe. "Lakini mzee hakuwa anataka kusomea ukunga."

Rufaa ilisikilizwa karibu na mwaka mpya, na Bonge ndiye aliyekuwa shahidi. Alijibana kwenye suti ya harusi yake, vifungo vikiomba msaada, akasimama mbele ya jopo la watu watatu, akawaeleza sheria ya shimoni kama mtu anayefundisha watoto darasa la kwanza. Akainua mkono wa vidole vitatu. Mjumbe mmoja, bwana mzee mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, akasisimka kweli kweli.

"Kwa hiyo nikikuambia wewe ni ndege?"

"Mimi ni ndege," alisema Bonge. "Niangalie vizuri, mheshimiwa. Ndege gani huyu?"

Jopo zima likacheka, hata karani. Fundi naye alicheka, kwa kuwa kutocheka kungeonekana. Wakaandika kwamba ombi limekubaliwa, kwamba kulitokea kutoelewana kulikosababishwa na desturi ya kikazi, na kwamba wanasikitika kwa usumbufu. Kwenye korido Bonge alimkumbatia mpaka akamnyanyua.

"Tumeshinda, ndugu yangu! Raia mwenzangu! Leo unanunua wewe!"

"Binti ametimiza kumi na minane mwezi uliopita," alisema Fundi.

"Hongera yake!" alisema Bonge. "Mwambie mjomba Bonge anamletea keki."

Fundi alimtazama. Mtu huyu alikuwa amemfundisha kusema, amemhifadhia vidole vyote kumi, amevaa suti ya mateso kwa ajili yake, na hajui kilichotokea. Wala hakuwa na haja ya kujua. Kwa Bonge uraia ulikuwa kama sakafu: hujiulizi kama ipo. Fundi akamwambia asante, na asante ile ilikuwa ya kweli.

Akala kiapo. Pasi ya kwao akaiweka kwenye trei ya plastiki, mkono ukaichukua. Mkewe aliingizwa kwenye orodha ya wenzi wa raia. Hiyo njia ilikuwepo. Ya mtoto mtu mzima haikuwepo. Mlango wa chuo cha wakunga ulifungwa, na binti akaanza kazi ya kupanga bidhaa kwenye duka kubwa, akipanda na kushuka ngazi fupi siku nzima.

Kisha ikafika siku ya kibali chake cha kwanza cha ukaazi, cha jina lake peke yake. Masharti yalitaka mdhamini ambaye ni raia. Wakaenda wote wawili kwenye lile jengo la uhamiaji ambalo Fundi alijua mpaka kiti kipi kina mguu mbovu. Kijana wa dirishani alizichukua karatasi, akazipitia, akaongea na Fundi bila kumtazama binti.

"Unamfahamu mwombaji tangu lini?"

"Nilimpokea mkononi kwa mkunga."

"Naandika tangu utotoni." Akachapa. "Unathibitisha kwamba ana tabia njema, na kwamba akivunja masharti ya kukaa nchini utatoa taarifa kwa mamlaka?"

Fundi akaitazama sentensi hiyo kwenye karatasi, imekwisha kuchapwa, ikimngoja na mstari mtupu chini yake.

"Tia sahihi, Baba," binti alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisema kwa lugha ya nyumbani, kwa lafudhi mbovu, kama mgeni. "Watu wanasubiri."

Akatia sahihi.

"Sasa wewe, bibie, kaa pale mpaka uitwe," alisema kijana, akionyesha mabenchi ya chuma yaliyojaa watu na mabegi na watoto. "Mzee, wewe umemaliza. Ukitaka kumsubiri, raia wanakaa upande huu." Upande huu kulikuwa na viti vyenye mito, mashine ya maji, na hakuna mtu.

"Nitakaa naye."

"Hairuhusiwi, mzee. Kule ni kwa namba."

Binti alikuwa ameshapewa namba yake. "Nenda ukakae, mheshimiwa raia," akamwambia, na akajaribu kutabasamu, na tabasamu likamkatikia njiani. Akageuka, akaenda kujibana kati ya mama mwenye mtoto na bwana aliyelala.

Mlinzi alimwonyesha Fundi kiti kwa mkono, kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha mgeni nyumbani kwake. Fundi akakaa. Kiti kilikuwa laini kuliko chochote alichowahi kukalia ndani ya jengo lile. Kutoka pale aliweza kuona kisogo cha binti yake tu, kati ya visogo vingine, na kila namba ilipoitwa kilikuwa kinainuka kidogo, kisha kinarudi chini.