Risper, msusi wa Kongo, Kawangware, aliyeacha kugombana na mvua

Saa mbili asubuhi, kabla hajafungua kufuli la kibanda chake, Risper Awiti anasimama kidogo mlangoni, mkoba ukiwa bado begani. Anajitajia kimoyomoyo mambo yanayoweza kuharibika leo. Stima inaweza kupotea, kibanda kikabaki gizani. Mteja aliyeagiza kusukwa rasta anaweza kubadilisha nia na kwenda kwa mwingine. Mvua inaweza kunyesha na maji ya mtaro yakaingia ndani. Kisha anafungua mlango, anachukua ufagio na kuanza kazi, akiimba kwa sauti ya chini.

“Nikishayataja, hayanishtui sana yakikuja,” anasema huku akipanga vitana mezani. “Na mara mingi hayakuji. Hiyo siku nashinda nikiwa na furaha ya bure.”

Kibanda hicho cha mabati kiko Kongo, Kawangware, kwenye kichochoro kilichojaa wauza mboga na mafundi wa simu. Wateja humwita Mama Adhis, kwa jina la bintiye. Nyumbani kwake ni Gatwekera, Kibera, anakoishi na binti huyo na mumewe, Boaz, ambaye hufanya vibarua vya mjengo. Kila asubuhi Risper hupanda kutoka Gatwekera, kuvuka barabara ya Ngong na kushuka hadi Kawangware kwa miguu.

Anachokifanya mlangoni si maombi, ingawa yeye ni mwimbaji wa kwaya kanisani. Ni zoezi la Wastoa, wanafalsafa walioishi Ugiriki na Roma yapata miaka elfu mbili iliyopita. Jina lao lilitokana na baraza lenye nguzo, stoa kwa Kigiriki, ambapo wa kwanza wao walikuwa wakifundishia. Risper hupenda sana habari hiyo ya baraza. Hupenda pia kwamba kati yao mmoja alikuwa amezaliwa mtumwa na mwingine alikuwa mfalme, na wote wawili walifundisha jambo lile lile: tenganisha yaliyo mikononi mwako na yasiyo mikononi mwako, kisha ushughulike na yaliyo yako.

Hakulipokea somo hilo kwa upole. Lilimfikia wakati mkono wake wa kulia ulikuwa hauwezi kushika hata kijiko.

Ilikuwa Desemba, msimu ambao wasusi hawapati nafasi ya kunywa chai. Kibanda kilijaa wanawake waliotaka kusafiri ushago, vijijini kwao, na nywele mpya. Rasta zikimalizika, ncha zake huchovywa kwenye maji moto ili zisifumuke. Aliyebeba sufuria ya maji hayo alikuwa Jackie, msichana ambaye Risper alimfundisha kazi tangu siku ya kwanza. Jackie alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega. Alijikwaa kwenye mguu wa kiti, na maji yote yakamwagikia mkono wa Risper.

Kidonda kilipona, lakini ngozi ilijikunja. Kidole gumba na cha shahada vikakataa kukutana. Kwa mtu ambaye riziki yake yote hupita kati ya vidole hivyo viwili, ilikuwa kama kufungiwa mlango na ufunguo kutupwa.

Jackie alikuja kumwona mara moja, akalia, akaondoka. Muda si mrefu akafungua kibanda chake mwenyewe upande wa pili wa kichochoro, na wateja wengi wakamfuata. Risper alikuwa akiketi mlangoni pake, mkono ukiwa mapajani, akiwatazama wakiingia kule.

“Nilikuwa naamka nikiwa na hasira tayari,” anakumbuka. “Chai nilikunywa na hasira. Hata mtoto akicheka, niliona ni mimi anachekelea.”

Boaz anasema kwamba katika miezi hiyo alikuwa akirudi kutoka kazini na kukaa nje kwanza, akisikiliza, ili ajue ni upepo gani unavuma ndani ya nyumba.

Aliyemtoa hapo ni mteja wake wa zamani, Bi Waruguru, mwalimu mstaafu wa historia ambaye ana nyumba za kupangisha pale Kawangware. Alikuja akidhani Risper amerudi kazini. Alipomkuta vile, hakuondoka. Alivuta kiti akaketi, akasikiliza lawama zote za Jackie hadi zikaisha.

“Halafu Mwalimu akaniuliza swali nikakasirika kabisa,” Risper anasema. “Akaniambia, ‘Mkono uliungua. Hiyo imepita, hakuna mtu ataibadilisha. Sasa chako ni nini hapo?’ Nilimwambia arudi kwake.”

Mwalimu alirudi kwake kweli, lakini wiki iliyofuata akaja tena na ndizi. Hakuhubiri. Alimweleza kwamba kuna watu wa kale waliowahi kujiuliza swali hilo hilo, wakiwa uhamishoni, wakiwa wagonjwa, wakiwa wamefiwa na watoto. Risper alisikiliza zaidi kwa sababu ya upweke kuliko kwa kuamini. Lakini jioni moja, akirudi Gatwekera, alijikuta akijibu lile swali njiani. Macho yake yalikuwa yake. Ujuzi wa kupasua nywele kwa mistari iliyonyooka ulikuwa wake. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Na kwenye mkono wa kulia, kidole cha kati na cha pete vilikuwa bado vinabana kitu.

Alinunua uzi wa sufu, akaufunga kwenye nondo ya dirisha nyumbani, akaanza kusuka kwa vidole hivyo viwili kama mtoto anayejifunza. Uzi ulimponyoka, akaanza upya. Adhis alimfanyia mzaha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mama mtu akacheka pia. Miezi ilipita kabla hajathubutu kugusa kichwa cha mtu, na kichwa hicho kilikuwa cha Mwalimu, ambaye alivumilia mistari iliyopinda na kwenda nayo kanisani.

Leo kasi yake si ile ya zamani. Siku nzuri anamaliza vichwa viwili vya rasta, na wateja wake ni wale wasio na haraka. Anasema wanamtosha.

Si kila mtu aliyeipenda falsafa hiyo. Boaz aliipinga waziwazi. Alimwambia mkewe kwamba hayo ni mafundisho ya watu walioshiba, ya kuwafanya maskini wa Gatwekera wakae kimya kwenye matope. Maneno hayo yalimkaa Risper moyoni hadi mvua za Aprili zilipofika.

Maji yaliingia kibandani na kuharibu mafungu ya nywele za bandia. Majirani walilaani mvua. Risper aliinama akatazama yalikotoka, akaona mtaro umezibwa na taka. Siku iliyofuata alizunguka kichochoro kizima akiomba watu koleo na glavu, wakauzibua pamoja, kisha akaongoza wanawake kadhaa hadi ofisi ya chifu kudai taka ziwe zikizolewa.

“Mvua si yangu, siwezi gombana na mvua,” anasema. “Lakini mtaro ni wetu. Nilimwambia Baba Adhis, huku si kukaa kimya. Ni kujua pa kuweka nguvu.”

Wiki chache baadaye, Mama Adhis alimsikia Boaz akimweleza jirani maneno hayo kana kwamba ni yake.

Hata hivyo, Risper hajawa malaika. Kila jioni, akitembea kurudi nyumbani, hujiuliza alichofanya vizuri, alichokosea, na kilichobaki. Mwezi uliopita alimtukana mwuza maji mbele ya watu kwa sababu mkokoteni wake uligonga ukuta wa kibanda. Kesho yake ilibidi amtafute na kumwomba radhi. Anasema kuomba radhi kulikuwa kugumu kuliko kusuka kwa vidole viwili.

Jaribio kubwa lilimjia Jumamosi moja asubuhi. Jackie alikuwa akimsuka bibi harusi, Valerie, ambaye harusi yake ilikuwa siku hiyo hiyo. Kichwa kilikuwa kimefika nusu simu ilipoita: mama yake Jackie alikuwa ameanguka nyumbani na anapelekwa hospitali. Wasusi wengine wote walikuwa na wateja. Jackie alivuka kichochoro, akasimama mbele ya mtu ambaye hawakuwa wamesalimiana naye kwa zaidi ya mwaka.

Risper anakiri kwamba kitu cha kwanza kupita moyoni mwake hakikuwa kizuri. Alitaka Jackie aendelee kusimama pale kidogo.

“Nikajiuliza, kosa lilikuwa lake. Lakini jibu hii ni la nani? Ni langu,” anasema. “Nikamwambia, ‘Enda kwa mama. Huyu nitamaliza.’”

Jackie alijaribu kusema kuhusu mkono. Risper alimwambia watayaongea siku nyingine, akachukua kitana na kuvuka. Alisuka polepole, na Valerie alifika kanisani akiwa amechelewa kidogo na kichwa kikiwa safi. Mama yake Jackie alipona.

Waliongea baadaye, wawili hao, wakila bakuli la githeri, mahindi na maharagwe. Jackie aliomba msamaha, akapewa. Wateja bado ni wengi upande wa Jackie, na kuna siku jambo hilo humuuma Risper. Lakini wanasalimiana, wanaazimana vitana, na kichwa kikiwa na kazi kubwa mmoja humwita mwenzake.

Sasa Risper ana mpango. Mwezi huu anataka kuanza kuwafundisha ususi wanawake walioumia mikono, saa za alasiri wateja wanapopungua. Wa kwanza ni Kasiva, jirani yake wa Gatwekera aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine kazini. Kasiva alitaka kwanza kungoja mpaka mkono upate nguvu.

“Nilikataa,” Risper anasema, akitingisha taulo na kuanika nje juani. “Nimemwambia akuje Jumatatu, na mkono vile uko.”