Tochi ya Baba Zunaira

Mume wangu anaitwa Rafaqat, lakini mimi jina lake silitamki. Namwita Baba Zunaira, kwa jina la binti yetu, na nikiwa na hasira namwita wewe. Kazi yake ni kusuka upya nyaya za feni zilizoungua, na kwa joto la mji wetu wa Gujranwala hatujawahi kulala njaa. Ni mpole, hana ugomvi na mtu, ila ana mapenzi mawili yaliyopita kiasi. La kwanza ni masharubu yake, ambayo huyapaka mafuta ya haradali kila asubuhi na kuyasokota ncha mpaka zitazame mbinguni. La pili ni njiwa jike wa kijivu anayeitwa Begum. Baba Zunaira husema na mimi nimo katika mapenzi yake. Sawa, lakini sijawahi kumwona akipanda ngazi mbio alfajiri kuja kuniuliza nimelalaje. Begum mimi namwita mke mwenza.

Kila mwaka joto likishaiva, wapenda njiwa wa mtaa wetu hushindana. Asubuhi mwamuzi humgonga njiwa muhuri kwenye bawa, kisha huyo hurushwa na kushinda angani mchana kutwa. Anayekaa juu muda mrefu zaidi ndiye mshindi, mradi atue kwenye paa la kwao kabla giza halijaingia, na mwamuzi auone ule muhuri kwa macho yake mwenyewe. Akitua paa la mtu mwingine ameshindwa, na tangu hapo ni mali ya mwenye paa. Hapa mtu anaweza kubishana na polisi, lakini hilo habishani nalo.

Mwaka jana Begum alikaa angani muda mrefu kuliko njiwa wote, akatua nyumbani jua limeshazama. Mwamuzi wetu, Mzee Barkat, akakodoa macho, akafuta miwani, akakodoa tena.

"Naona kitu," akasema, "lakini kinaweza kuwa kuku."

Ushindi akapewa Ilyas muuza mtindi, ambaye paa lake linatazamana na letu, ng'ambo ya kichochoro. Mwaka mzima mume wangu hakuweza kwenda kununua mtindi kwa amani.

"Fundi feni! Kuku wako hajambo?"

Akavumilia, akavumilia, mpaka siku moja dukani, watu wamejaa, uvumilivu ukamwishia. "Mwaka huu Begum akishindwa," akasema, "nanyoa masharubu."

"Yote?" Ilyas akauliza, bakuli mkononi.

"Yote."

"Hapa mbele ya duka langu?"

"Hata ndani ya mtindi wako ukitaka."

Habari ilinifikia kabla yeye mwenyewe hajarudi. Nilimkuta mlangoni ameshika ncha moja ya masharubu, anaipapasa, na uso umemshuka. Mtu aliyekula kiapo halafu akasikia alichokisema, utamjua tu.

Kesho yake akaja na tochi, ili safari hii Mzee Barkat auone muhuri hata jua likizama. Ilikuwa tochi ya plastiki ya rangi ya machungwa, katika zile zinazorundikwa sokoni juu ya turubai. Mwanga wake ulimwagika miguuni pako ukaishia hapo hapo. Nikamwambia anunue tochi ya maana, basi, mambo yaishe.

"Kwa nini ninunue na akili ninayo?" akasema. Hiyo akili ndiyo imetumaliza miaka yote hii.

Akaifungua kichwa, akatoa kile kikombe cha rangi ya fedha kinachozunguka taa, akaanza kutafuta kioo cha kukusanya mwanga. Alijaribu kifuniko cha saa, kitako cha chupa, hata miwani ya Mzee Barkat, ambayo mwenyewe aliifuata kwa fimbo. Siku mbili baadaye mama mkwe wangu akauma jiwe kwenye dengu.

"Binti," akasema, ameshika shavu, "dengu hii umepika wewe au mwashi?"

Mama macho yake hayaoni vizuri, na kuchambua dengu ndiyo kazi anayoipenda. Huchambua kwa kioo kinene cha kukuzia, kile chenye mpini. Nikatazama kwenye ndoano yake ukutani, nikaukuta mpini tu.

"Baba Zunaira! Kioo cha Mama kiko wapi?"

"Kioo gani?"

"Cha kuchambulia dengu."

"Kwani watu bado wanachambua dengu?"

Kioo kilikuwa kwenye tochi. Alikuwa amekipachika ndani ya kipande cha bomba la maji, akakibana kwa mpira aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, na bomba lenyewe liliingia na kutoka ili apate umbali sahihi. Hata baada ya kukamatwa hivyo hakupepesa macho. Alitupandisha wote juu ya paa tuone. Ilikuwa jioni. Akaelekeza tochi ng'ambo ya kichochoro kwenye ukuta mweupe wa Ilyas, akavuta bomba taratibu, na pale ukutani pakatokea mraba wa njano, mkali, kingo zimenyooka, na vijistari vimekatiza katikati.

"Mbona ni mraba?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo taa yenyewe! Ile chembe ndogo ya ndani. Kioo kimeikuza tu."

"Mimi naona biskuti."

"Irudishe sokoni," Mama akasema. "Wamekupa taa ya mraba."

Hakutusikia. Aliuhamisha ule mraba kutoka ukutani hadi kwenye tangi la maji, kutoka kwenye tangi hadi kwenye kibanda cha njiwa wa Ilyas, akicheka peke yake, na masharubu yakicheka naye. Tulikula mawe kwa wiki tatu.

Siku ya mashindano, njiwa wa Ilyas alitua alasiri. Begum bado alikuwa nukta juu ya mji. Jua likazama, adhana ikakaribia, na mume wangu akasimama katikati ya paa letu, tochi mkononi, akiita kama anavyoita siku zote, "Njoo-o-o, njoo-o-o!" Mzee Barkat alikuwa kando yake. Mapaa yote ya jirani yalijaa watu.

Begum akashuka. Akazunguka mara moja, akakunja mabawa, akawa anakuja moja kwa moja kwetu, na mimi, nisiyempenda, nikajikuta nasema njoo, mke mwenza, njoo.

"Mwangaze!" Mzee Barkat akasema.

Baba Zunaira akamwangaza. Mwanga wote wa tochi ile, uliokusanywa na kioo cha dengu, ukampiga Begum katikati ya macho.

Akapinda ghafla. Mume wangu akamfuata na tochi, akampoteza, akamtafuta huku na huku, na ule mraba ukaenda kusimama ng'ambo, kwenye ukingo wa paa la Ilyas, ambapo njiwa weupe walikuwa wamejipanga wanalala. Paa letu lilikuwa giza. Katika mtaa mzima, mahali palipoonekana palikuwa pale tu. Begum akatua katikati ya mraba, akajikung'uta, akanyoosha bawa.

"Muhuri nauona!" Mzee Barkat akapiga kelele kwa furaha. "Wallahi nauona mpaka herufi! Fundi, tochi yako haina mfano!"

Ilyas akanyoosha mkono, akamchukua Begum.

Asubuhi kinyozi akaweka kiti mbele ya duka la mtindi. Watu walikuja na watoto. Ilyas mwenyewe alishika kioo, akicheka kabla kazi haijaanza. Lakini wembe ulipomaliza, kicheko kikakatika. Chini ya masharubu mume wangu alikuwa na kamdomo kadogo, kapole, kanakotetemeka. Watu wakatazama chini.

"Ni marehemu dada yangu Sughran," Mama akanong'ona.

Ilyas akaingia ndani, akatoka na Begum. "Mchukue, fundi," akasema. "Sikujua chini kuna hivi."

Mume wangu akampokea kwa mikono miwili. Begum akamtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa jicho la pili, akapiga mabawa, akachomoka, akaenda kukaa juu ya tangi la Ilyas. Tukapanda kwetu juu. Akaitwa, hakuja. Akamwagiwa mtama, hakuja. Mume wangu akakaa kwenye ngazi.

"Hanijui," akasema.

Sijui kwa nini roho iliniuma vile. Nilishuka chumbani, nikarudi na kichupa cha wanja na kijiti chake.

"Tulia."

"Watu watanicheka."

"Watu walishacheka, wamemaliza. Inua kidevu."

Nikamchora masharubu manene, ncha zinatazama mbinguni. Akasimama katikati ya paa, akaita. Begum akainua kichwa. Akaruka, akazunguka mara moja, akatua juu ya kichwa cha mume wangu.

"Fundi!" Ilyas akapaza sauti kutoka kwake. "Masharubu yanachuruzika!"

Kweli yalikuwa yanachuruzika. Baba Zunaira alikuwa analia wazi wazi, Begum anamdonoa nyusi, na wanja wangu mpya wote unashuka kidevuni hadi kwenye kola. Nikamshika uso, nikamrekebishia upande wa kushoto.