Harusi ya Mwinshehe Mchana wa Ramadhani

Mwinshehe bin Kondo, fundi viatu wa Temeke, alikuwa na mkono wa birika, na wala hakuona haya. Ubahili wake aliuita akili. Miaka ile ya Mwingereza, vijana waliokwisha kuposa walikuwa wakimpelekea viatu kibandani kwake kando ya soko ili awatilie soli kwa ajili ya siku ya ndoa, na kabla hajashika sindano alikuwa keshaanza kuwasomesha namna ya kuoa bila kufilisika. Kanzu iazimwe, isishonwe. Wapiga ngoma waitwe wale wanaojifunza, maana wao ndio wanaotafuta watu wa kuwasikiliza. Nyama ya pilau ikatwe ndogondogo, na mpakuzi awe mama wa bibi harusi, kwa kuwa hakuna mgeni mwenye uso wa kumwambia mama huyo aongeze.

Mengine yalifaa, nisimwonee. Kanzu ya kuazima haijamuua mtu. Tabu ni kwamba mwalimu huyu wa kubana matumizi hakukosa harusi ya mwenzake hata moja. Alifika wa kwanza, akakaa karibu na jiko, akala huku akiikosoa samli kwamba imezidi, na akaondoka na fungu la pili kwenye leso. Mwinshehe alimshauri jirani yake Adelard, karani aliyetoka Bukoba, amwombe padri amfungishe ndoa asubuhi ya siku ya kazi, ili wageni wawe maofisini. Adelard alicheka, akaoa Jumamosi. Mwinshehe alikuwa wa mbele kabisa kwenye sinia la ndizi.

Basi huyo naye akapenda. Alimpenda Chausiku, mwanamke aliyekuwa akipika vitumbua kwenye baraza ya kaka yake, Jabiri seremala. Alimpenda kweli, hilo tusimnyime, kwa sababu kila asubuhi alinunua kitumbua ilhali uji wa nyumbani ungemtosha, na kwa mtu kama yule huo ni ushahidi usiohitaji kiapo. Ndevu zilikuwa zimeanza kuingia mvi. Jioni alikuwa akisikia wake za majirani wakiwagombeza waume zao, akawaonea wivu wale waume.

Alipenda, na papo hapo akapiga hesabu. Chausiku alikuwa ameshaolewa akaachika. Kwa mtalaka hakuna kungwi wa kulipwa, hakuna mwali wa kutolewa ndani, na mahari yake huwa hafifu. Mwinshehe alimshukuru Mungu kwa kumpa moyo uliopenda mahali penye nafuu. Lakini bado kulikuwa na walaji. Watu aliokula harusi zao walikuwa wengi, na wahenga walishasema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Akafikiri wiki nzima, kisha akaenda kwa Jabiri akiwa amenawiri uso.

"Shemeji, ndoa tuifunge Ramadhani," alisema. "Mchana."

"Ramadhani?" Jabiri aliweka randa chini. "Watu wote wanangoja Mfunguo Mosi."

"Kuna mahali imekatazwa?"

"Haijakatazwa."

"Basi. Mwezi wa baraka huu. Na nyie msijisumbue kupika, watu wamefunga."

Jabiri aliielewa hila yote, lakini kaka mwenye dada aliyeachika hachagui sana. Akaingia ndani kumwambia Chausiku. Chausiku alikuwa anakoroga unga wa vitumbua vya futari. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaendelea kukoroga. Mwanamke anayejibu neno moja kwa habari kama hiyo ni wa kuogopwa, ila Mwinshehe hakuwapo kuona alivyokuwa akikoroga.

Siku ilipofika, Temeke nzima ilikuja kwa Jabiri, kwa sababu Temeke nzima ilialikwa. Mgeni aliyefunga hana gharama, kwa hiyo Mwinshehe aliwaalika watu kama mwenye shamba la minazi. Vijana wote aliowahi kuwashauri walikuwapo. Adelard naye alikuja, hakuwa amefunga, lakini kwa adabu alikaa na uso wa mtu mwenye kiu. Mwinshehe alikuwa ametaka ndoa iwe adhuhuri. Shehe alikuwa na darasa msikitini, akafika baada ya alasiri. Haikumtia hofu bwana harusi, maana kufunga ndoa ni kazi fupi.

Shehe aliposoma hotuba, alimtuma Jabiri ndani akaulize ridhaa ya dada yake. Jabiri akarudi.

"Amenyamaza," alisema.

Mwinshehe alitabasamu ndani ya kanzu ya kuazima. "Kimya ni ridhaa, shehe. Tuendelee."

"Kimya ni ridhaa ya mwanamwali," alijibu shehe. "Huyu ameshaolewa. Lazima aseme kwa ulimi wake. Jabiri, rudi."

Jabiri alirudi ndani, akakaa huko muda mrefu, akatoka akikwepa macho ya shemejiye. Chausiku alikuwa amesema kwamba anafikiri, na wageni wasiondoke.

Wageni gani wangeondoka? Waliegemea kuta, wakanyoosha miguu mikekani, wakaanza kusimuliana habari za bei ya mchele. "Sie hatuna haraka," alisema mmoja wa wale vijana wa soli, na wenzake wakaitikia kwa upole uliojaa sumu. Kivuli cha nyumba kiliivuka baraza kikaingia njiani. Mwinshehe alikitazama kivuli, akawatazama watu, akaanza kuwahesabu. Wakibaki mpaka magharibi, atawafuturisha. Wakiondoka sasa, kesho soko zima litasema kwamba amekataliwa na mtalaka.

Akamvuta Jabiri pembeni. "Nenda kamwambie namwomba."

"Unaomba nini?"

"Aseme tu."

"Na akisema hataki?"

Ndipo Mwinshehe alipoiona akilini ile nyumba yake, kikombe chake kimoja, na asubuhi za kupita kwenye baraza hii akiwa si mume bali ni mtu aliyekataliwa anayenunua kitumbua. Hofu ikamkaa moyoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake haikuwa hofu ya gharama.

Shehe naye alikuwa ameona jua lilipofika. "Bwana Mwinshehe," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata thawabu kama zake. Tazama watu hawa. Leo utajaza gunia."

Watu walicheka. Mwinshehe hakucheka. Aliinuka, akavaa viatu, akaelekea kwa wanawake waliokuwa wakiuza futari kando ya njia. Mihogo ya nazi, maboga, uji wa pilipili manga, tende, vyote aliviulizia bei, na vyote vilikuwa bei ya Ramadhani, ile isiyo na huruma. Alipoanza kubembeleza apunguziwe, muuza mihogo alimwambia, "Baba, magharibi hiyo inaingia. Nunua au nipishe." Akanunua sufuria nzima, na nyingine, akaomba na ya tatu. Alizibeba mwenyewe, moja moja, kichwani, tui likimchuruzika kwenye kanzu ya watu. Adhana ilimkuta anapakua. Waliomwomba awaongeze aliwaongeza. Hata Adelard alipewa, na hakuna aliyemuuliza alifunga tangu lini.

Baada ya swala, Jabiri hakuhitaji kutumwa. Chausiku mwenyewe alikuja nyuma ya pazia la mlango, akasema kwa sauti iliyofika mpaka njiani.

"Shikamooni wazee wangu. Mume wangu wa kwanza alinioa kimyakimya, kwa shangazi yangu, na mashahidi wawili na kahawa. Alipokuwa hanilishi, hakuna aliyemuuliza. Aliponiacha, nusu ya mtaa walishangaa kusikia kwamba nilikuwa na mume. Mtu ambaye hakula harusi yangu nitamwendea na uso gani anisemee? Mie nilikuwa nangoja nyie mle. Mmekula?"

"Tumekula," waliitikia, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Basi nimekubali kuolewa na Mwinshehe bin Kondo."

Ndoa ikafungwa. Mwinshehe alilia, akasingizia moshi wa ubani.

Asubuhi yake, kabla Mwinshehe hajafungua kibanda, mzee mmoja wa mtaa alisimama mlangoni pake akapiga hodi. Hakumtafuta Mwinshehe. Alimtaka Chausiku, amuulize kama daku la leo lilikuwa na kitoweo. Mwinshehe alitaka kumwambia kwamba mambo ya ndani ya nyumba yake hayamhusu. Kisha akakumbuka kwamba mzee huyo aliongezewa mihogo mara mbili. Akamwamkia shikamoo, akachukua kikapu, akaenda sokoni kununua samaki.