Stempu za Ukuta wa Chumbani

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la jogoo aliyechinjwa siku hizo. Siyaandiki, maana wenyewe wako hai na wengine wana cheo kanisani.

Marehemu mume wangu alifanya kazi ya reli upande wa Uganda, akawa ananiandikia. Kusoma sikujua. Barua nilisomewa na katekista, naye akifika penye mapenzi anakohoa na kuruka mstari. Kwa hiyo sikuona faida ya barua hizo. Kilichokuwa changu ni stempu. Nilizibandua kwa mvuke wa birika, nikazibandika kwa uji wa wimbi kwenye ukuta wa udongo, kando ya kitanda, mpaka ukuta ukavaa malkia na twiga.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, nyumba hiyo, kijijini kwetu Kwanza, ilikuwa imechoka. Nyasi za paa zilioza. Mvua ikinyesha nasogeza kitanda. Kifungua mimba wangu, mtu wa ofisi Kitale, alikuwa amenitengea chumba nyuma ya nyumba yake mtaani Matisi, kati ya choo na banda la kuku.

"Mama, si uje tu mjini? Hapo unangoja nini?"

"Mabati."

"Mabati ya nini kwa nyumba ya udongo?"

Nilimwelewa. Kwetu mtoto haezui paa la mama aliye hai. Ni kama kumtangazia kifo. Basi alikuwa anaingojea mvua imfanyie hiyo kazi, halafu apande mahindi pale. Mimi nami nilitaka kufia ndani ya kuta nilizozikandika kwa mikono yangu.

Siku moja, akiwa saiba, penye kompyuta za kukodi, pale Kitale, akasoma ati stempu moja kuukuu imeuzwa ng'ambo kwa bei ya shamba. Jumamosi akafika kwangu na mkewe, na mkate, na nyama. Nyama! Nikajua kuna jambo.

"Mama, zile stempu za baba bado ziko?"

"Ziko ukutani. Ingia uone."

Nilisema hivyo nikijua haingii. Mwanamume aliyetahiriwa haingii chumba anacholala mama yake, hata awe na digrii. Na kwa mkaza mwana ni mwiko vilevile. Basi wakabaki sebuleni, nami nikaingia na koroboi kuwatangazia.

"Kuna malkia."

"Anatazama upande gani?"

"Wa mlango. Kama anayekutafuta."

"Ako na taji?"

"Ako nayo. Lakini mvua imemwingia masikioni."

Nikamsikia mkaza mwana akiruka. "Ati mvua? Baba watoto, hilo ni shamba linalolowa!"

Kabla ya Jumamosi nyingine fundi alikuwa juu na mabati mapya. Nyumba iliyokuwa aibu ya ukoo ikawa benki. Kifungua mimba akaleta kufuli, akataka kukaa na ufunguo yeye. Nikamwuliza kama mimi nitakuwa nalala ndani kama noti.

Ikabaki kujua thamani yake. Bungoma kulikuwa na mwalimu mstaafu anayekusanya stempu, lakini miguu yake ilikuwa mibovu, hasafiri. Kuzibandua haiwezekani, uji wa wimbi ukishakauka unaishinda simiti. Kuingia hawaingii. Basi wakatoboa ukuta kutoka nje, wakatoa bonge la udongo la ukubwa wa sinia, malkia na twiga juu yake. Wakaliweka kwenye karai, wakalifunika kwa leso yangu ya kanisani. Tukakodi gari. Mkaza mwana alilipakata hadi Bungoma kama mtoto wa kubatizwa, na kila penye shimo barabarani alimkemea dereva.

Mwalimu akavaa miwani, akashika na kioo cha kukuzia. Akainama. Akanusa.

"Mlibandika na nini?"

"Uji wa wimbi," nikasema.

"Ulikuwa na sukari?"

"Wakati huo sukari tulikuwa nayo."

"Ndiyo maana mende wamekula kingo." Akaweka kioo chini. "Bana, hizi zilichapwa nyingi kama mchanga. Kila aliyekuwa na mtu wa reli alizipata. Zingekuwa safi, kwenye bahasha zake, labda mtoto angenunua peremende. Hizi, rudisheni ukutani."

"Na mabati je?" mkaza mwana akauliza.

Mwalimu akajibu kwamba yeye bei ya mabati haijui.

Tukarudi na bonge letu kwenye karai. Tulipofika, kifungua mimba akasimama uani akitazama paa likimeremeta, akihesabu mabati.

"Panda uezue," nikamwambia. "Nitakaa hapa kwa kiti, majirani waone."

"Mama, mimi sijasema kitu."

"Basi hapo sawa."

Akauliza kama alete udongo wazibe lile tundu. Nikaingia chumbani nikatazama. Tangu niolewe, kile chumba hakikuwa na dirisha. Sasa jua lilikuwa limefika mpaka kwenye mto. Nikamwambia aniletee fremu ya dirisha.

Bonge lenyewe nililisimamisha hapo dirishani. Malkia sasa anatazama njia inayotoka Kitale. Nyama haijaonekana tena.