Neno Ambalo Rasema Hakulisema kwa Simu

Rasema hakuwa mtu wa kubembelezwa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza keshakataa. Mwanamke wa Bosnia aliyezeekea Slovenia, akifua mashuka ya hospitali, mvuke ukimchoma uso masika na kiangazi, na hakuna msimamizi aliyewahi kumfanya ainamishe kichwa. Sifa hiyo ilimlisha. Ndiyo pia iliyomla.

Kaka yake Nezir alibaki kwao, kijiji cha karibu na mji wa Bihać. Mwaka mmoja Rasema alikuja likizo akakuta miti ya plamu aliyoipanda marehemu mama yao imekatwa yote, na juu ya visiki limejengwa banda la magari. Hakuulizwa wala hakuambiwa. Alikunywa kahawa yake akiwa amesimama, akaondoka. Tangu siku hiyo kila likizo alilala kwa wakwe zake, na mlango wa kaka yake akiupita kama mlango wa duka lililofungwa.

Halafu Nezir akaugua mapafu. Akampigia simu kutoka kitandani hospitalini.

"Dada, nihalalishie."

Kwao ndivyo watu wanavyoagana, iwe safari, iwe vita, iwe mauti. Mmoja husema nihalalishie, mwenzake hujibu halali, na yaliyokuwa kati yao yamekwisha. Neno moja tu, mtoto wa miaka miwili analiweza.

"Neno hilo halisemwi kwa simu," Rasema akajibu. "Nakuja. Nitakwambia uso kwa uso."

"Mimi nitakusubiri. Sijui kama huyu aliyekuja kunichukua atasubiri."

"Mwambie asubiri. Wewe si fundi wa kuwasubirisha watu?"

Nezir akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, simu ikakatika.

Gari la marehemu mumewe lilikuwa limelala uani, haliwaki. Rasema akaenda kukodi. Kijana wa ofisini akampa gari jeupe linalonukia upya, na karatasi ya ruhusa ya kuvuka nalo mpaka wa Bosnia. "Lakini mama, mkwaruzo wowote utakaopata huko ni juu yako."

"Mwanangu, mimi nimeendesha gari kabla mama yako hajavunja ungo."

Hata hivyo maneno yale yalimwingia, yakakaa.

Kroatia aliipita kama uchochoro. Foleni ilikuwa mpakani pa Bosnia, maana ilikuwa kiangazi na wote walioko ughaibuni walikuwa wanarudi kuwaoza watoto wao. Askari wa mpaka akalitazama gari, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"La kukodi, shangazi? Ndio mchezo wenu siku hizi. Kule mnapanda baskeli, huku mnakuja kututambia."

"Nakwenda kwa mgonjwa."

"Wote mna wagonjwa mkiiona foleni."

Rasema akapandisha kioo, akaondoa gari. Lakini aliapa moyoni kwamba gari lile hataliegesha ovyo, watu wasije wakapata la kusema.

Na hapo ndipo alipokosea.

Barabara ya hospitali ya Bihać ilijaa. Magari yalikuwa yamepandishwa matairi mawili juu ya njia ya waendao kwa miguu, kama mbuzi waliopanda ukuta. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa mlangoni pa duka la matairi akampungia mkono.

"Panda hapa, dada! Sote tunapanda!"

"Ninyi pandeni. Mimi si ng'ombe."

"Ng'ombe angeshaegesha!" Waliokaa naye wakaangua kicheko.

Rasema akazunguka. Akazunguka tena. Hatimaye akapata nafasi iliyochorwa vizuri, ya kulipia. Ililipiwa kwa ujumbe wa simu, na laini yake ya Slovenia ikakataa. Tiketi za karatasi ziliuzwa kioski, na mlangoni pa kioski pameandikwa "narudi sasa hivi". Huko kwao sasa hivi ni kahawa mbili na umbea wa mtaa mzima. Rasema alilijua hilo tangu utoto, na bado alisimama pale, mkoba kifuani, akilinda gari lisilo lake.

Simu ikalia. Alikuwa Zuhra, mke wa Nezir.

"Uko wapi wewe?"

"Nipo hapa chini. Nangoja tiketi ya maegesho."

"Tiketi? Rasema, liache barabarani, acha na funguo, acha na milango wazi! Anakuulizia!"

"Si gari langu, Zuhra. Dakika moja tu."

Mwenye kioski akaja, akamkatia tiketi. Rasema akaiweka vizuri nyuma ya kioo, akafunga milango, akapanda ngazi. Zuhra alikuwa amesimama nje ya chumba. Hakulia. Alimtazama tu mikononi, kana kwamba Rasema amechelewa kuleta kitu alichotumwa.

Walimzika Nezir kesho yake adhuhuri. Kwao wanawake hubaki nyumbani siku ya maziko, wakisoma na kupokea wageni. Rasema akavaa viatu akatoka, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Akasimama nje ya ukuta wa msikiti, ukuta mfupi wa kumfika kiunoni. Wanaume walijipanga safu, jeneza mbele yao limefunikwa kitambaa cha kijani. Baada ya sala imamu akawageukia.

"Enyi jamaa, mnamhalalishia ndugu yenu?"

Kabla wanaume hawajafungua vinywa, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya ukuta, kavu, yenye mikwaruzo: "Halali!"

Vichwa vikageuka. Imamu akauliza mara ya pili, kisha ya tatu, na wanaume wakajibu kwa pamoja, sauti ya Rasema ikamezwa na zao.

Jioni, wageni walipopungua, Zuhra alimmiminia kahawa, akakaa karibu naye.

"Nilipokupigia ukingoja tiketi, simu niliiweka spika, karibu na sikio lake," alisema. "Ungelisema tu lile neno, wifi. Angelisikia."

"Najua," Rasema akasema.

Na kahawa ile aliinywa akiwa amekaa, hata ikaisha, na Zuhra akammiminia nyingine.