Muuguzi Apolonia na kichwa kilichogoma kukua

Saa mbili asubuhi, Apolonia Donatus ananawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha anazungusha utepe mwembamba kwenye kichwa cha mtoto wa wiki kumi na moja. Anapima mara tatu na kuandika kipimo kikubwa zaidi: sentimita 28 na nusu.

"Shikamoo, Sista," anasema Limi, mama wa mtoto, akiingia wodini.

"Marahaba. Leo kanisukuma mkono. Ana nguvu huyu."

Apolonia, 44, ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti katika hospitali moja mkoani Shinyanga. Kwa miaka tisa amekuwa akipima vichwa vyao kila Jumatatu, kwa sababu kichwa kisichokua huashiria kwamba huenda na ubongo haukui vizuri.

Limi, 22, anatoka Mwakitolyo, ambako alikuwa akiponda mawe ya dhahabu. Alijifungua mimba ikiwa na wiki 26. Mtoto alikuwa na gramu 690, na kichwa chake kilikuwa sentimita 21, kidogo hata kwa umri huo.

Apolonia alimuuliza maswali anayomuuliza kila mama. Presha ilipanda? Ndiyo, alikuwa na maumivu ya kichwa na miguu kuvimba. Malaria? Mara mbili. Kliniki? Mara moja tu. Alimuuliza pia kuhusu zebaki, ambayo wachimbaji huichanganya na mawe yaliyosagwa ili kunasa dhahabu.

"Zebaki sijui ilichangia kiasi gani," anasema Apolonia. "Lakini presha peke yake ilitosha kumnyima mtoto chakula tumboni."

Wiki tatu baadaye utepe ulikuwa umesogea milimita mbili tu. Maziwa ya Limi yalikuwa machache, na kila siku Apolonia alimhimiza akamue zaidi.

Siku moja alimkuta ameegemea ukuta, anatetemeka.

"Umekula nini leo?"

"Uji, Sista."

"Na jana?"

"Uji huohuo."

Mumewe, Mihayo, alikuwa duarani, ndani ya shimo la dhahabu, na simu yake haipatikani. Limi aliona aibu kusema.

"Wiki tatu namkaripia mtu mwenye njaa," anasema Apolonia. "Nilimwomba radhi mbele ya wenzake."

Tangu siku hiyo kina mama wa wodini walimgawia ugali na dagaa. Daktari aliongeza virutubisho kwenye maziwa ya mtoto, na Limi akambeba kifuani kutwa. Kichwa kikaanza kukua.

Bado ni kidogo. Daktari amewaambia wazazi kwamba mtoto atafuatiliwa kwa miaka kadhaa, na hakuna anayejua kama atachelewa kutembea au kusema. Mihayo, aliyefika wiki ya tano, amempa jina la Eliya.

Mwezi ujao Apolonia ataanza likizo. Ameshazungumza na zahanati ya Mwakitolyo: atakwenda na mashine yake ya presha kuwapima wajawazito. Limi ameahidi kuwaita wenzake wanaoponda mawe.

"Nataka niwaone wakiwa bado na ujauzito," anasema Apolonia. "Huku wodini huwa nakuta mambo yameshatokea."