Nilivyompeleka bibi wa Kitelugu akaangalie filamu yake kwa mtafsiri wa Kibongo, Durban

Wakuu, heshima kwenu mliopo na mnaochungulia bila ku-login.

Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili. Humu hamna chai. Majina tu ndiyo nimeyaficha, maana wengine bado wako kule kule.

Nilitoka Ifakara na cheti cha form four na begi moja. Tunduma, Lilongwe, halafu Tete, ambako nilikaa miaka miwili nauza chipsi kando ya Zambezi. Mimi nimekulia jirani na kivuko, nikiona mto lazima nikae kwanza. Kutoka Tete nikashuka Maputo, na siku Maputo iliponichosha nikaingia Durban kwa basi, miguu imevimba viatu havivaliki.

Nikapata chumba cha uani Chatsworth, mtaa wa Wahindi, kwa mjane mmoja wa Kihindi. Kule wamama wa umri ule wanaitwa Aunty, basi na mimi nikamwita Aunty.

Aunty kwao ni Watelugu, watu wa kusini mwa India. Alikuwa na filamu moja ya zamani ya Kitelugu, jina lake hadi leo ulimi wangu unagoma. Ni vichekesho vyenye simanzi kidogo. Boti limejaa abiria, linapanda mto siku kadhaa kwenda kwenye sherehe ya dini. Juu wamekaa wenye pesa na magodoro yao, chini walalahoi na sufuria moja. Wanagombana, wanacheza karata, wanapendana, wanafika.

Basi. Hakuna anayekufa.

Aunty alikuwa ananitafsiria kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, huku anamenya vitunguu. Sijui nimeiangalia mara ngapi. Ule mto ulikuwa unanirudisha nyumbani bila nauli.

Sasa kilichokuwa kinamuuma ni hiki. Zamani mtaa mzima ulijaa ukumbini kuiangalia, watu wanacheka mpaka maneno hayasikiki. Siku hizi watoto wake hawajui Kitelugu, na wajukuu wakikaa dakika tano wanatoa simu. Mwanawe wa kiume, mwenye yadi ya magari Pinetown, alimwambia hiyo takataka aitupe.

Siku moja nikamsimulia jinsi kwetu Bongo mtu mmoja anavyoshika maiki na kutafsiri filamu kibandani, watu wanacheka hadi wanadondoka kwenye mabenchi. Akaacha kumenya.

"Na hapa Durban wapo?"

Nikamwambia wapo.

"My son, nipeleke. Nataka kuwasikia watu wakiicheka tena, mwanzo mpaka mwisho. Mara moja tu kabla sijafa."

Ndipo nikamfuata Profesa.

Profesa ni Mbongo mwenzetu. Kila Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, alikuwa anaonyesha filamu kwenye chumba kilicho juu ya saluni ya Mama Gloria, mama wa Kikongo, karibu na Warwick. Huo uprofesa alijipa mwenyewe, hakuna chuo kilichohusika. Kwake kila filamu lazima iwe na jambazi. Nimewahi kumsikia akitafsiri filamu ya harusi, na hadi inaisha bwana harusi alishakuwa mpelelezi.

Nikakaa naye, nikamweleza hadithi yote. Alinisikiliza huku anachokonoa meno.

"Mzee, hiyo filamu haina bunduki?"

"Haina."

"Hata kisu?"

"Kipo cha kukatia biringanya."

"Basi niachie. Wateja wangu nawajua mimi."

Jumapili ikafika. Aunty kavaa sari ya kijani iliyokuwa inanuka dawa ya nondo ya kabatini, tukapanda taxi, daladala za kule, mpaka Warwick. Mama Gloria akamletea kiti cha saluni, kile cha kuzunguka, akamkalisha mbele kabisa. Chumba kimejaa Wakongo, Wabongo na Warundi wachache.

Filamu ikaanza. Tajiri wa ghorofa ya juu anaficha chupa ya achari chini ya kitanda, wale wa chini wasije wakaomba. Hapo Aunty huwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Profesa kwenye maiki: "Mnaona huo mzigo? Unga huo! Madawa! Na polisi wamo humo humo kwenye boti!"

Chumba kimya. Watu wamebana pumzi kwa ajili ya chupa ya achari.

Kijana na msichana wakaanza kuimbiana.

"Anamwambia, usipotoa mzigo nakumaliza wewe na ukoo wako!"

Akatokea bibi kizee anafua nguo.

"Huyo sasa ndiye bosi wao!"

Aunty akakizungusha kiti, akaniangalia. "Mbona wamekaa kama msibani? Hawaipendi?"

Nikamwambia ukweli. Huyu bwana hajui Kitelugu hata salamu, abiria wako wote kawafanya wauza madawa.

Nilidhani atalia. Akasimama, akakunja pindo la sari lisimkwaze, akaenda kumpokonya Profesa maiki.

Akaanza upya. Kwa Kizulu.

Wakuu, Aunty alizaliwa kwenye mashamba ya miwa, amecheza na watoto wa Kizulu kabla hajajua Kiingereza. Na sisi wote mle ndani tunauza kwa Kizulu, tunasuka kwa Kizulu, tunagombea chenji kwenye taxi kwa Kizulu. Hakuna aliyepitwa.

Akaieleza achari. Akaigiza tajiri anavyonusa kitanda chake mwenyewe, anavyokohoa ili watu wasisikie kifuniko. Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mama Gloria alikaa sakafuni kabisa.

Na Profesa? Kasimama pembeni bila maiki, anatutafsiria Kizulu cha Aunty kwa Kiswahili, na unga bado upo!

"Bibi anasema mzigo umeibiwa na..."

"Eh papa, nyamaza!" Mama Gloria akamkata. "Tunamusikia mama. Wewe unatudanganyaka kila dimanche, kila Jumapili!"

"Thula wena!" wa nyuma nao wakamnyamazisha.

Watu wakacheka hivyo hivyo mpaka boti likabakiza kona chache kufika. Hapo mlango ukafunguliwa. Mwanawe Aunty, yule wa Pinetown. Jirani alishamtonya. Funguo za gari mkononi, hata salamu hakutoa.

"Ma, what you doing here with these people?"

Hao these people tulikuwa tumekaa pale, tunasikia.

"Hawajafika bado," Aunty akasema.

Mwanawe akamshika mkono, akamshusha ngazi.

Profesa akaokota maiki na kumalizia. Boti likalipuka, wakafa wote, ingawa kwenye kioo abiria walikuwa wanashuka taratibu na mabegi yao. Na kuna watu walimpigia makofi! Watu wazima, wametoka kanisani.

Haukupita muda, nyumba ya Chatsworth ikauzwa. Aunty akahamishiwa kwa mwanawe, kwenye flat za geti na mlinzi. Mimi nikahamia mjini, nikaona Durban imeniisha hamu. Nikakata tiketi ya kurudi kaskazini.

Asubuhi ya kuondoka nikapita kumuaga. Mlinzi, Mzulu mtu mzima, kanuna, akapiga simu juu. Aunty akashuka na ndala. Geti halifunguliwi bila ruhusa ya mwanawe, tukasimama yeye ndani, mimi nje.

Hakuuliza naenda wapi. Aliuliza, "Wale watu wako waliona boti linafika?"

"Hapana, Aunty. Profesa alililipua."

"Alililipua?"

Akashika vyuma vya geti. Halafu akaanza pale pale, kwa Kizulu, kunieleza mwisho ambao naujua kwa moyo. Alipofika pale mke wa tajiri anapokwama kwenye tope, akabebwa mgongoni na mpishi aliyemtukana njia nzima, mlinzi akachomoza kichwa kibandani, akamwita bibi kwa Kizulu chao.

"Hawu, Gogo! Mgongoni? Kama mtoto?"

"Kama mtoto! Na anamshika masikio!"

Mlinzi akacheka kile kicheko cha kupiga mapaja. Aunty akanipa kisogo, akamgeukia yeye, akaendelea mpaka boti likafika.

Niliondoka bila kuagwa. Saa hiyo mimi sikuwemo tena kwenye hesabu.

Funzo langu ni dogo: ukipenda hadithi ya mtu, mpe maiki mwenyewe. Usimtafutie Profesa.

Mliokulia kwenye vibanda vya filamu, shusheni vituko vya watafsiri wenu hapa. Na Profesa, najua umo humu unasoma kimyakimya. Usinifuate PM, jibu mbele za watu.